Jukwaa Lisilo na Mwenyewe

Kuta za Sondu zina viraka. Ukishuka kwenye matatu kando ya barabara kuu ya Ahero kwenda Kisii, tazama ubavu wa nyumba yoyote ya ghorofa ambayo haijapigwa plasta. Utaona vibandiko vya saruji vya upana wa kiganja, safu juu ya safu, vimepanda hadi karibu na paa. Hapo palikuwa na matundu ya jukwaa. Kila tundu lilishika ncha ya mti mmoja. Juu ya miti zikalazwa mbao, na juu ya mbao wakasimama fundi na mtu wake wa mkono, pamoja na rundo la mawe na karai la mota. Nyumba ilipokwisha, miti iling'olewa ikapelekwa kwenye mjengo mwingine, au ikaishia jikoni kwa mwenye hoteli.

Mwenye nyumba anakumbuka bei ya kila kilichoingia katika kuta hizo. Saruji ilikuwa mifuko mingapi, lori la mchanga lilimtoa pesa ngapi, nani alimwibia nondo mbili usiku wa kuamkia siku ya slebu. Muulize jukwaa lilimgharimu kiasi gani, atakushangaa. Ile ilikuwa miti tu. Nyumba ina mchoro uliopigwa mhuri wa kaunti, lakini jukwaa halina mchoro, halina mstari katika makadirio, wala hakuna anayeweza kusema ni la nani: la mwenye ploti, la kontrakta, au la fundi aliyeligongomea. Ajali nyingi za mjengo katika miji midogo ya huku ziwani naona zinaanzia hapo, muda mrefu kabla mtu hajateleza.

Sondu ni mji wa mpakani. Upande mmoja ni Nyakach katika Kaunti ya Kisumu, upande wa pili ni Sigowet katika Kaunti ya Kericho, na Homa Bay na Nyamira haziko mbali. Soko lake limenawiri kwa sababu ya mpaka huo: samaki wanapanda kutoka ziwani, ndizi zinakuja kutoka Kisii, mboga zinateremka kutoka milimani. Vifaa vya ujenzi navyo hukutana papo hapo. Matofali ya kuchoma yanatoka Nyabondo, ambako udongo umechimbwa miaka mingi hadi mashimo yake yakawa mazalia ya mbu na kuwaleta watafiti wa malaria wa ICIPE. Mikaratusi inatoka upande wa Kericho, kule viwanda vya majani chai vinakopanda misitu mizima ya mti huo kwa ajili ya kuni za kukaushia chai. Mfanyabiashara akishapata faida ya miaka michache, anabomoa kibanda cha mabati na kuinua ghorofa: maduka chini, vyumba vya kupangisha juu. Ghorofa mbili, tatu, mara chache nne.

Huo ndio urefu unaodharauliwa. Tukitaja hatari za ujenzi tunawaza majengo yaliyoporomoka: Huruma, Nairobi, Aprili 2016; kreni iliyoanguka Kilimani Agosti 2021; au karibu zaidi na sisi, daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia kule Budalang'i, lililokatika Juni 26, 2017 likiwa bado linajengwa, wiki mbili hivi baada ya Rais kulikagua. Hayo yaliandikwa kurasa za mbele. Sondu yenyewe huingia magazetini watu wanapopigana mpakani, kama ilivyokuwa mwaka 2022 na 2023. Kijana aliyeteleza kwenye ubao uliolowa akavunja kiuno haandikwi na yeyote, na mjengo unaendelea Jumatatu.

Wanaohesabu wanajua ukubwa wa jambo hili. Nchini Uingereza, ambako kila kifo cha kazini huandikwa na kuchunguzwa, watu 138 walikufa wakiwa kazini kati ya Aprili 2023 na Machi 2024, na 50 kati yao walianguka kutoka juu. Hakuna chanzo kingine kilichoua wengi kiasi hicho, katika nchi yenye majukwaa ya chuma na wakaguzi wa kutosha. Na si lazima mtu awe kileleni mwa mnara. Anayeanguka kutoka mita tano, usawa wa dirisha la ghorofa ya kwanza, anafika chini kwa sekunde moja na kugonga ardhi kwa kasi ya kilomita 35 kwa saa. Wenye bahati hufikishwa Nyabondo, kwenye hospitali ya misheni ya Mtakatifu Yosefu, au Kisumu kwenye Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado huiita Russia.

Sasa tazama jukwaa la kawaida linavyosimamishwa. Nguzo za mkaratusi huchimbiwa ardhini kwa safu moja, hatua mbili kutoka ukutani. Mti mwingine hulazwa kukatiza nguzo na kupigiliwa misumari ya inchi nne. Kutoka kwenye mlazo huo, miti mifupi huvuka hadi ukutani na kuingia kwenye matundu ambayo fundi aliyaacha makusudi kati ya mawe. Ukuta wenyewe, basi, ndio mguu wa pili wa jukwaa, na mara nyingi ni ukuta uliojengwa juzi. Mota yake haijakomaa, na tayari imebebeshwa watu wawili na mzigo wao.

Msumari ndio unaowaponza wengi. Ukipigwa kwenye mti mbichi unashika barabara, na fundi akiutikisa anaridhika. Lakini mkaratusi ukikauka hunywea na kupasuka kwa urefu wake, na ufa hupenda kupita palepale penye msumari. Wiki tatu baadaye makutano yale yale hayana nguvu yaliyokuwa nayo, ingawa kwa macho hakuna kilichobadilika. Mafundi wazoefu wanalijua hili, na dawa yao unaweza kuiona ukisogea karibu. Kwanza wanafunga makutano kwa kamba ya katani au vipande vya tyubu ya tairi, mizunguko sita au saba iliyokazwa kwa mguu ukutani. Kisha, chini kidogo ya mlazo, wanapigilia kwenye nguzo kipande cha mti kisichozidi shubiri moja, mlazo ukikalie. Kipande hicho kinauondoa uzito kwenye shingo ya msumari na kuupeleka kwenye nguzo yenyewe. Ni mabaki ya kukatwa tu, hayanunuliwi. Lakini katika mjengo wa haraka hakipo, na nyapara anayejua kukitafuta ni mmoja kati ya wengi.

Halafu mbao. Zinazotandikwa juu ya jukwaa ni zile zile zilizotumika kumwagia slebu, za unene wa inchi moja, zimechoka kwa maji ya zege na kutobolewa na misumari ya kazi tatu zilizopita. Ubao wa inchi moja na nusu unataka egemeo kila mita moja na nusu. Wa inchi moja unataka egemeo kila mita moja au pungufu. Kwenye majukwaa yetu pengo la mita mbili ni jambo la kawaida, na ubao unanepa kila mtu anapopita. Saruji iliyogandia juu inaficha fundo na nyufa zilizo chini, ndiyo maana fundi wa zamani hukataa ubao uliopakwa chochote mpaka aukwangue auone. Hatari nyingine ni ncha ya ubao iliyopita egemeo la mwisho kwa kirefu. Kwa macho ni ubao kama mbao nyingine. Anayeikanyaga ncha hiyo anauinua upande wa pili na kwenda nao chini.

Juu ya yote hayo unapandishwa mzigo. Mawe 20 ya kilo 20 kila moja ni kilo 400. Ongeza watu wawili na makarai mawili ya mota na unakaribia kilo 600 kwenye urefu wa mita tatu za mbao za slebu. Mtu wa mkono anapenda kurundika mawe mengi kwa mkupuo mmoja ili asipande na kushuka mara kwa mara, na nani atamlaumu? Ngazi anayopandia ni miti miwili iliyopigiliwa vijiti, imesimama karibu wima kwa sababu ya ufinyu wa nafasi kati ya mjengo na vibanda vya wauza mitumba. Ngazi salama hulala kiasi: kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wake unatoka mita moja. Kichwa chake hupita sakafu ya jukwaa kwa mita moja hivi, mtu apate cha kushika anapovuka. Zetu nyingi zinaishia usawa wa mbao, na anayefika juu analazimika kuachia mikono kabla miguu haijapata mahali.

Ziwa nalo lina lake. Asubuhi Sondu huwa na jua na upepo mdogo, na kazi inakwenda. Mchana upepo wa ziwani unapanda kuelekea miinuko ya Kericho, mahali panapojulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na jioni dhoruba inateremka. Mbao zinateleza, mabati ambayo hayajafungwa yananyanyuka, na nguzo zilizochimbiwa bila ubao chini ya mguu zinazama. Kule chini kuelekea Katito na Ahero, kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano unaovimba kwa maji na kupasuka kwa jua, nguzo inaweza kuhama usiku mmoja. Kesho yake asubuhi fundi anapanda moja kwa moja, kwa sababu jana lilikuwa zima.

Sheria ilishaliona hilo. Kanuni za Kenya za kazi za ujenzi za mwaka 1984 zinataka jukwaa likaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila baada ya siku saba, na tena baada ya hali mbaya ya hewa. Zinataka ukingo mahali ambapo mtu anaweza kuanguka zaidi ya mita mbili. Zinataka jukwaa lisimamishwe na kubomolewa chini ya msimamizi anayelijua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ikaja kuongeza wajibu wa anayemiliki mahali pa kazi, na ikampa mfanyakazi haki moja ambayo sijawahi kusikia ikitajwa kwenye mjengo wowote. Akitoa taarifa kwa msimamizi kwamba kuna hatari ya papo kwa papo, haruhusiwi kulazimishwa kurudi pale hadi irekebishwe. Kwa kibarua anayelipwa jioni na anayejua kuna vijana kumi wamekaa nje ya lango wakisubiri nafasi yake, haki hiyo inakaa kwenye karatasi tu.

Utekelezaji nao umegawanyika vibaya. Kaunti ndiyo inayopitisha mchoro, na kwa Sondu kaunti ni mbili, kutegemea ploti iko upande gani. Usalama kazini ni kazi ya serikali ya kitaifa, chini ya idara ijulikanayo kama DOSHS. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, inasajili wanakandarasi na miradi. Kila mmoja ana kipande chake, na jukwaa la miti linapita katikati yao wote bila kuguswa. Afisa wa kaunti akija, anauliza mchoro na risiti.

Siku hizi dawa inayotajwa haraka ni mkanda wa usalama. Unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, unapendeza kwenye picha, na mwanakandarasi anayetegemea ukaguzi huwavalisha watu wake. Lakini hebu tuupime. Kamba ya mkanda ina mita mbili hivi. Kifyonza mshtuko chake kinaweza kurefuka kwa karibu mita moja na robo tatu. Ongeza kimo cha mtu kutoka mahali mkanda uliposhika mgongoni hadi unyayoni, na nafasi kidogo ya tahadhari, nawe umefika karibu mita sita. Mtu aliye kwenye jukwaa la mita nne, kamba ikiwa imefungwa usawa wa miguu yake, ataigonga ardhi kabla mkanda haujamaliza kazi. Na ameifunga wapi? Kwenye nguzo ile ile ya mkaratusi iliyoshikwa na misumari. Kwa nyumba zetu za ghorofa mbili, miti ya kuzuia, mmoja usawa wa kiuno na mwingine katikati, ina faida kuliko mkanda wowote, kwa sababu inamzuia mtu asianguke badala ya kusubiri aanguke. Ubao uliosimamishwa ukingoni, wa shubiri moja, unazuia nyundo na vipande vya mawe visimwangukie mama anayeuza nyanya chini.

Historia ina mfano wa hili, mbali na hapa. Daraja la Golden Gate kule San Francisco lilipojengwa miaka ya 1930, mhandisi mkuu Joseph Strauss alitandaza wavu chini ya wajenzi, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Watu 19 waliangukia wavu huo na kuokoka. Kisha Februari 17, 1937, miezi michache kabla daraja kufunguliwa, jukwaa lililokuwa limening'inizwa chini ya daraja lilichomoka, likaangukia wavu na kuuchana. Watu kumi wakafa. Wavu ulikuwa mzuri kwa mtu mmoja mmoja. Haukuweza kitu mbele ya jukwaa lenyewe.

Tusijidanganye kwamba ufundi huu ni wa kigeni. Kilomita chache kutoka soko la Sondu, mto uliotoka misitu ya Mau uliingizwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita sita na kushushwa kwenye mitambo ya Sondu-Miriu ya KenGen, megawati 60, mradi ulioanza kujengwa 1999 kwa mkopo wa Japani. Baadaye, mwaka 2012, ikafuata Sang'oro, megawati 21. Vijana wa Nyakach na wa upande wa pili walipata kazi huko. Mikataba ya miradi mikubwa ya namna hiyo huwa na vifungu vya usalama na fungu la pesa za kuvitekeleza, na msimamizi wa usalama huwa ni mtu wa mshahara, si wa kujitolea. Vivyo hivyo aliyewahi kufanya ujenzi Qatar au Saudia anakijua kibandiko kinachotundikwa kwenye ngazi ya jukwaa: kijani unapanda, chekundu hupandi, na jina la aliyekagua limeandikwa. Sisemi Ghuba ni mahali pa kuigwa; Desemba 2022 mlinzi Mkenya wa miaka 24 alianguka kutoka juu ya uwanja wa Lusail wakati wa Kombe la Dunia, akafa siku tatu baadaye hospitalini. Ila kile kibandiko ni karatasi na plastiki, na kinajibu lile swali ambalo Sondu halina jibu: hili jukwaa ni la nani leo?

Jibu linaweza kuanzia kwenye makadirio. Mjengo wenye upande wa mbele wa mita 12 unahitaji miti minne ya mita sita kwa ukingo wa mistari miwili, na michache ya pembeni. Miti hiyo inapanda pamoja na jukwaa, hainunuliwi tena kila ghorofa. Mbao nene zikinunuliwa kwa ajili ya jukwaa peke yake, zinafanya kazi mijengo mingi. Kisumu mjini wako wanaokodisha majukwaa ya chuma, na kwa nyumba inayozidi ghorofa mbili, kukodi pamoja na nauli ya lori kwa kilomita 50 hivi si anasa mbele ya gharama ya slebu. Kinachokosekana ni fundi mkuu kuandika neno "jukwaa" kwenye ile karatasi anayompa mwenye ploti, na kaunti zote mbili kukataa kupiga mhuri kwenye nyumba ya ghorofa isiyoonyesha litakavyosimama. Haihitaji sheria mpya.

Na kama halijaandikwa, anayelipa ni nani? Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliidhinisha Desemba 2019 baada ya kesi ya miaka mingi, inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Anayepata ulemavu wa kudumu kabisa, au wategemezi wa aliyekufa, wanastahili mapato ya miezi 96. Chukua mtu wa mkono anayelipwa Sh600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni Sh15,600, na mara 96 ni Sh1,497,600. Mwenye ploti akiiona hesabu hiyo kabla ya kuchimba msingi, miti sita ya ukingo haitamsumbua.

Shida ni kwamba dai linahitaji jina la mwajiri. Mwenye ploti yuko Nairobi na anasema alimpa kontrakta kazi yote. Kontrakta anasema alimwajiri fundi, na hao wengine waliletwa na fundi. Fundi anasema yeye mwenyewe ni kibarua kama wao. Sheria ya Ajira ya 2007 inautambua mkataba wa mdomo, kwa hiyo aliyeumia hana haja ya karatasi ndefu, lakini lazima aonyeshe ni nani aliyekuwa akimlipa, na ajali iwe imeripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12. Kwa hiyo vijana wa mjengo wanaolipwa kwa M-Pesa wasifute jumbe zile za jioni. Zina jina la aliyetuma, tarehe na kiasi, na ndizo rekodi pekee ambazo mjengo mwingi wa Sondu utakuwa umeweka.